Mintarafu ya Mimea ya Kutundikwa Nyumbani

Nyumba ya mawe ya Unguja haikujengwa kwa nia ya kuwa na bustani ndani yake. Kuta zake za matumbawe na chokaa ni nene, vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba hupimwa kwa boriti, na boriti ya mkoko iliyo nyofu na yenye nguvu za kubeba dari la mawe ni nadra kuvuka kiasi cha mita tatu. Njia zipitazo baina ya nyumba ni finyu, na ua, hata katika nyumba ya mwenye nafasi, aghalabu umesakafiwa toka ukuta hadi ukuta, usione humo kiganja cha udongo mtupu. Walakini wanawake wa mji huo wameshughulika na maua tangu zama za kale: asumini ya kutunga, rehani na mkadi wa kutia katika kikuba, waridi ya marashi. Mapenzi hayo yalipokutana na uhaba huo wa ardhi, mimea haikuwa na pa kwenda ila juu, yaani roshanini, madirishani, na katika kulabu za dari.

Nilizaliwa na kukulia katika nyumba ya namna hiyo. Karibu yote niyajuayo mintarafu ya kutundika mimea niliyapata humo kwa bibi yangu, mama yake baba. Mengine niliyapata bara, nilipokuwa mwalimu wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Na yaliyobaki nayapata mpaka leo katika nyumba za ghorofa za Michenzani ninakokaa. Katika makao hayo yote jambo moja limezidi kunidhihirikia. Mmea uliopandwa ardhini una njia ya kujitafutia riziki: ukinyimwa maji juu, mizizi yake huyafuata chini. Mmea uliotundikwa umekatiwa njia hiyo, na mtu aliyeutundika amekuwa yeye ndiye ardhi yake. Kwa hiyo sihesabu namna ya kutundika kuwa ni nzuri kwa sababu ya nakshi ya kamba wala rangi ya chungu, bali kwa kadiri inavyomwezesha mtu kutimiza wajibu huo kila siku bila ya mashaka.

Chombo cha kwanza cha kutundikia nilichokijua hakikuwa cha mimea. Kilikuwa ni susu, ule wavu wa kamba uliokuwa ukining'inia jikoni kwa bibi, ukibeba bakuli la maziwa, chungu cha samaki na mikate iliyofunikwa kwa kawa, ili panya na sisimizi wasivifikie. Friji ilipoingia nyumbani, susu za jikoni zikakosa kazi. Yeye hakuridhia zitupwe, akazihamishia katika ukumbi uliouzunguka ua, akatia ndani yake vyungu vya makangaga, na vile vifuu vya nazi alivyovitoboa chini na kuotesha humo vimea vidogo. Watu waliokuja kumzuru walisifu, naye akaanza kusuka susu mpya kwa ajili ya mimea tu, nami nikawa mshika nyuzi wake.

Alikata nyuzi nane za usumba zenye urefu sawa, akazifunga fundo moja kubwa upande wa chini, akaziacha ncha zake zining'inie mfano wa shada. Kisha alizigawa jozi nne, akapanda juu kiasi cha shibiri moja, akaifunga kila jozi fundo lake. Akapanda tena nusu shibiri, akachukua uzi mmoja wa jozi hii na uzi mmoja wa jozi ya jirani, akaziunga pamoja, akazunguka hivyo mpaka macho ya wavu yakajitokeza pande zote nne. Hapo chungu kiliwekwa ndani, nyuzi zikakusanywa juu zikatiwa katika pete ya shaba, na susu ikanyanyuliwa kidogo tu kutoka sakafuni, huku bibi ameinama akitazama ukingo wa chungu kama uko sawa. Ukiwa umelala upande, alifungua mafundo yote akaanza upya, hata kama adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Nilipomwuliza kuna dhara gani chungu kikiinama kidogo, alinijibu, "Maji hayakai kwenye mlima, mjukuu wangu. Yatakwenda upande mmoja, na upande wa pili utakufa kwa kiu ilhali umeunywesha." Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo tangu siku ile.

Usumba wenyewe ulitoka pwani ya mashariki ya kisiwa, pande za Paje na Jambiani, ambako wanawake huyafukia makumbi ya nazi katika mchanga wa ufukoni, bahari ikayajia na kuyaondokea kwa miezi mingi, mpaka nyama ya kumbi ikaoza na nyuzi zikabaki. Ndipo huyafukua, huyaponda kwa magongo, na kusokota kamba. Uzi uliokwisha kupita katika mtihani kama huo hauogopi maji ya chungu. Fadhila hiyo sikuitambua barabara mpaka nilipofika Muheza, nchi ya mkonge, ambako kila kitu hufungwa kwa kamba ya katani. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, kutoka Florida, na ile michache iliyonusurika safarini ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya Tanga. Katani ni uzi wenye nguvu za ajabu maadamu ni mkavu, na mimi sina neno baya juu yake katika kufunga mizigo. Lakini kamba inayoroweshwa kila asubuhi na kukaushwa kila adhuhuri huoza kwanza pale pasipoonekana, chini ya kitako cha chungu. Katika baraza za majirani zangu kule niliona vyungu vilivyoanguka usiku bila kuguswa na mtu, na kamba zilizobaki juu zilikuwa bado ng'avu na nzuri kwa macho. Atakayetumia katani na asiache kuipapasa chini mara kwa mara, na akiona nyuzi zake zinatoka vumbi baina ya vidole, aibadilishe siku ile ile.

Katika nyumba yetu mjini alikaa pia ami yangu, ndugu mdogo wa baba, aliyekuwa baharia wa majahazi, naye ndiye aliyenifundisha elimu ya uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, naye hakuchoka kulirudia jambo hilo, kwa sababu aliona watu wakipima chungu kikiwa kikavu na kusahau kwamba kitabeba maji pamoja na udongo ulionyonya. Kabla chungu hakijatundikwa, alitia mawe katika kikapu, akayazidisha mpaka uzito ukawa mara mbili ya ule uliokusudiwa, akakining'iniza mahali pale pale usiku kucha. Asubuhi alitazama kulabu kama imeinama, na chini ya kulabu kama kuna unga wa chokaa. Unga huo, hata ukiwa mdogo wa kuokotwa kwa ncha ya kidole, ulitosha kumfanya atafute mahali pengine.

Mahali penyewe palikuwa pa aina mbili. Pa kwanza ni kulabu za chuma zilizokuwa darini tangu zama za kandili, zilizopigiliwa na mafundi waliojua boriti ipi ni ya kutumainiwa. Umeme ulipokuja kulabu hizo zilibaki bila kazi, zikawa hidaya kwa bibi. Pa pili ni mti mmoja mnene wa mkoko ambao ami aliulaza juu ya ua kwa upande wa kivulini, vichwa vyake vimekaa katika matundu ya kuta mbili zilizokabiliana, na susu zikafungwa humo kwa kuuzungusha mti kamba, bila ya msumari hata mmoja. Alikataza misumari katika boriti kwa hoja ambayo ni sahihi hata leo: msumari hupasua mti, ufa huingiza unyevu, na unyevu huita mchwa. Akakataza vile vile kutundika katika lipu ya chokaa peke yake, kwa sababu chokaa ni nguo ya ukuta, si mfupa wake.

Palibaki taabu moja. Dari la nyumba ya mawe ni refu kwenda juu, na mimea iliyotundikwa katika kulabu za kandili ilikuwa mbali na mkono wa mwanamke mzee. Nilikuwa mtoto, lakini niliona kwa macho yangu tofauti iliyokuwapo baina ya makangaga ya chini, ambayo bibi aliyafikia kwa kata ya maji akiwa amesimama, na yale ya juu, ambayo yalimngoja mtu wa kupanda kiti; ya chini yalikuwa ya kijani kibichi, ya juu yalikuwa na ncha za kahawia, na hali nuru iliyoyafikia ilikuwa ile ile. Ami akaleta kapi la jahazi lililostaafu, akalitia katika kulabu, akapitisha kamba ambayo ncha yake moja ilishika susu na ya pili ilifungwa katika kigingi ukutani, kwenye kimo cha kifua.

"Mama," alimwambia, "kuanzia leo chungu hiki kina henza yake. Kitapanda na kushuka upendapo."

"Ahsante, mwanangu," bibi akamjibu, "lakini fundo la kigingini nifundishe mimi mwenyewe, maana wewe utasafiri na maua yatabaki."

Akafundishwa, naye akalijua. Haukupita muda mrefu makangaga ya juu yakawa sawasawa na ya chini. Kwa maoni yangu hakuna chombo cha kutundikia kilicho bora kuliko kapi kwa nyumba yenye dari la juu, wala hakuna kinachosahauliwa zaidi na watu wa leo, ambao hununua minyororo mizuri, wakaifunga juu kabisa, kisha wakashangaa kwa nini mmea haupendi nyumba yao.

Nilipokuwa Muheza nilipata fursa ya kupanda Amani, katika milima ya Usambara ya mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi yao ya elimu ya mimea na kilimo mwaka 1902. Watu wengi huenda kule kutazama miti mikubwa. Mimi nilivutwa zaidi na ile iliyokaa juu ya miti hiyo. Msitu ule umetundika mimea kwa ustadi upitao ustadi wa binadamu yeyote: makangaga mapana yaliyokaa katika panda za matawi na kukusanya majani makavu yakawa udongo wao, okidi zilizoshika gome kwa mizizi mitupu, na ule mpungate mwembamba uitwao Rhipsalis baccifera, uningʼiniao mfano wa ndevu za mzee, ambao peke yake katika jamaa nzima ya mipungate umeonekana kuwa mwenyeji nje ya bara la Amerika. Nilisimama chini yake mvua ikinyesha. Maji yaliteremka juu ya mizizi ile, yakaiosha, yakaenda zake. Mvua ilipokatika, baada ya kitambo kidogo mizizi ilikuwa ikipumua hewa tena.

Tangu hapo niliacha kuitilia mimea ya kutundikwa udongo mzito wa shambani. Makumbi yaliyokatwakatwa, vipande vya mkaa, samadi kavu kidogo, na mchanga mchache wa mtoni usio na chumvi, ndivyo nivichanganyavyo, na faida yake ni mbili kwa pamoja: mizizi hupata hewa, na chungu hupungua uzito, ikawa rahisi kwa kulabu na kwa mwenye kukiteremsha. Matundu ya chini sharti yawe wazi. Chungu kisicho na tundu huozesha mizizi hata kikiwa cha kaure ya thamani kubwa.

Siwezi kuitaja Amani nikaacha kulitaja ua dogo la urujuani la Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona mimea yake ikiota katika mawe ya kivulini, akaipeleka Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen akaliandika katika elimu ya mimea kwa jina la Saintpaulia. Leo hupambwa katika madirisha ya Ulaya na Marekani kwa mamilioni, na zile aina zake zitambaazo, zinazofaa kutundikwa, zina nasaba na ndugu yake wa Amani aliye na mashina marefu ya kulala. Katika nyumba nilizoingia Tanga nilikuta maua ya kila nchi, ila hilo sikulikuta, na jambo hilo lilinihuzunisha, linanihuzunisha mpaka sasa. Wala sisemi kwamba watu waende kuling'oa msituni, kwa maana mahali pake pa asili panazidi kupungua na baadhi ya aina zake zimo hatarini kutoweka. Nasema kwamba jani lake moja, likipatikana kwa mwenye kulipanda, hutia mizizi katika mchanga wenye unyevu, na kwamba kivuli cha ukumbi wetu wa pwani, palipo na upepo mpole, si kibaya kwalo maadamu majani yake hayamwagiwi maji.

Michenzani ni dunia nyingine. Majengo yale marefu, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, hayana boriti wala kulabu za kandili. Juu ni zege, chini ni zege. Zege hubeba mzigo wowote wa mmea, tatizo ni namna ya kuishika. Mafundi wengi hutoboa dari kwa keekee ya umeme, wakatia tunduni kifuko cha plastiki, wakakaza parafujo yenye kulabu. Kwa ukuta njia hiyo inatosha, kwa sababu mzigo hukandamiza parafujo kwenda chini na zege huipinga. Lakini darini mzigo unavuta sawasawa na tundu, mchana na usiku, na kifuko hakina kinachokizuia ila kujibana kwake. Kwa dari natumia parafujo ya chuma ambayo hupanuka ndani ya tundu kadiri inavyokazwa, na kabla ya kutoboa namtaka fundi ahakikishe waya za umeme hazipiti pale. Katika nyumba mpya za dari la jipsamu kulabu lazima ifuatiliwe mpaka katika mbao iliyo nyuma yake; ubao wa jipsamu peke yake haubebi hata kopo la rehani. Na popote pale, chungu hakining'inizwi juu ya kitanda wala susu ya mtoto mchanga.

Lakini ghorofani nimependelea zaidi bomba moja lililolazwa baina ya kuta mbili za roshani, kwa mfano wa ule mti wa ami. Hubeba susu nyingi, huziruhusu kusogezwa, na halihitaji dari kuguswa. Liwe la chuma kisichoshika kutu, au la shaba, maana hewa ya chumvi hula kulabu za kawaida kwa kasi isiyodhaniwa, na kutu yake huchuruzika juu ya majani.

Kusogezwa huko ndiko kulikonipa ilmu ya jua. Unguja iko kiasi cha digrii sita kusini ya mstari wa ikweta; kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili, mapema Machi na tena Oktoba. Baina ya Machi na Oktoba huegemea kaskazini, na katika miezi iliyobaki huegemea kusini. Dirisha langu la upande wa kaskazini, ambalo wakati wa kaskazi lina kivuli kizuri, wakati wa kusi huingiwa na jua la kuchoma majani. La upande wa kusini huwa kinyume chake. Ndiyo maana kila mmea wangu wa kivulini una mahali pawili, nao husafiri kwa misimu kama majahazi. Rehani nayo, ambayo hupenda jua, hufuata njia ya kinyume. Upepo wa kaskazi ni mkavu, na chungu kilichozungukwa na hewa pande zote hukauka upesi kuliko kile kilichokaa sakafuni, basi katika miezi ile natia kidole udongoni kila asubuhi, na mmea uliokauka sana nauteremsha ndani ya ndoo ya maji, nikauacha mpaka viputo vikome kutoka, nikaupumzisha utiririke, ndipo nikaurudisha juu.

Ule mtambazi wenye majani ya umbo la moyo na mabaka ya manjano, ambao asili yake ni kisiwa cha Mo'orea katika bahari ya Pasifiki, umeenea sasa katika kila ofisi na kila duka la mji, nao unastahili sifa yake ya uvumilivu. Ila utomvu wake huwasha kinywa na koo, na wenye watoto wadogo wautundike ambapo ncha zake haziwezi kuvutwa, au wazipunguze kwa mkasi. Visahani vya kukingia maji navyo vimwagwe kila siku. Mbu aenezaye homa ya dengi hutaga katika maji kidogo yaliyotulia, na kisahani kilichoko juu ya kichwa cha mtu ni kigumu kukumbukwa kuliko pipa lililoko uani.

Jambo la mwisho linahusu walio chini yetu. Ua wa nyumba ya bibi ulipokea kila tone lililoanguka na kulipeleka katika mfereji. Roshani ya ghorofa hulipeleka katika nguo za jirani. Nilipohamia, nilishuka kwa mama mmoja akaaye chini yangu, nikamwuliza anika yake huanza saa ngapi na kuanuliwa saa ngapi. Akaniambia kwamba nguo hutoka nje baada ya chai ya asubuhi na huanuliwa alasiri. Tukaafikiana kuwa mimi ninyweshe baada ya alfajiri, kabla hajaanika, na siku za kuloweka ndoo nimjulishe usiku wa jana yake. Mwanawe hupanda kwangu kuchukua vipandikizi anapovihitaji, nami nimemwonyesha jinsi ya kugawa zile nyuzi nane katika jozi nne.